Kiingereza Changu Kirefu

Nilijua Kiingereza. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonivimbisha kichwa, na sitaki mtu anihurumie kabla hajajua nilikuwa mtu wa namna gani. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nilimaliza sekondari kwa masista huko kwetu Kilimanjaro, na siku ya kufunga shule nilipewa zawadi ya insha mbele ya wazazi wote. Baada ya hapo nikashuka Dar es Salaam kwa mjomba wangu, aliyekuwa na duka la vyombo Kariakoo. Miaka ile ya Ujamaa duka lilikuwa na rafu nyingi kuliko bidhaa, na mjomba alishinda kaunta akipangusa vumbi kwenye masufuria yaleyale. Sikumfaa kwa lolote. Akanitafutia kazi kwa mtu anayejuana naye, nikawa karani na mkalimani kwenye ujenzi wa ghala la ghorofa, hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi.

Mkalimani wa nani? Wa Mzungu mmoja, mtaalamu aliyeletwa kusimamia zege. Hakuwa Mwingereza. Alitoka nchi moja ya baridi huko Ulaya, ambako Kiingereza wanajifunza shuleni kama tulivyojifunza sisi, na kwa dalili zote yeye darasani alikaa nyuma. Maneno yake yalikuwa machache na mafupi. "Wewe njoo. Hii mbaya. Kesho tena." Basi. Mimi niliyekuwa naandika barua za kurasa tatu kwa mapambo matupu, nilimsikiliza na kujiuliza kama huyu ndiye mtaalamu, mimi nimekaa kwenye meza hii ya mbao nafanya nini.

Mfukoni mwa shati alibeba daftari dogo la shule. Kila neno la Kiingereza asilolijua aliliandika humo jinsi lilivyomwingia sikioni, ili jioni akalitafute kwenye kamusi. Nilimcheka moyoni. Mtu mzima, injinia, anatembea na daftari utadhani yuko darasa la pili. Tena alikuwa na tabia moja: asipoelewa, anatikisa kichwa mara mbili upesi upesi, anasema "ndiyo, ndiyo, vizuri," kisha anaendelea na yake. Niliijua maana yake siku ya kwanza, kwa sababu ndivyo tulivyomfanyia sista wa hisabati.

Kiongozi wa mafundi alikuwa mtu wa makamo, mwenyeji hasa wa mji. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya Msimbazi tangu enzi za babu yake. Kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo, fundi," naye aliitika marahaba kwa sauti ya kukaribisha, akaniuliza nimelalaje, mjomba hajambo, chai nimekunywa. Mimi nilikuwa mgeni wa mlimani, Mkristo, peke yangu kati ya wanaume arobaini wenye makarai, na yeye alikwisha waambia mapema kwamba atakayenitania vibaya atamtania yeye. Aliniita mwanangu. Aliponiona nimekosea adabu za pale hakunisema mbele za watu. Alingoja tukiwa wawili.

Ndiye aliyenifundisha jambo la misiba. Kibarua mmoja alifiwa na mama yake, na mimi, kwa ujuaji wangu, nilitaka kwenda kumwambia palepale alipokuwa anachota kokoto. Fundi akanishika kiwiko.

"Hapa kwetu msiba hautupiwi mtu njiani, mwanangu," akasema. "Mtu anaitwa kwake kwa neno dogo. Mama hajisikii vizuri, nenda kamwone. Akifika atakuta watu wa kumshika. Ukimwambia hapa, nani atamshika? Wewe?"

Nikaona haya kidogo, lakini nilipenda. Niliona ni watu wenye huruma kuliko sisi, ambao kwetu habari hupigiwa yowe kutoka kilima hadi kilima.

Sasa nije kwenye futikamba. Asubuhi moja yule Mzungu alitaka nimwandikie mwenye lori la mchanga kwamba amechelewa. Kabla ya kuandika nilimsomea kwa mdomo nilichokusudia, na nilikusudia mengi. Alinisikiliza, akatikisa kile kichwa chake, mara akaacha. Labda siku hiyo alichoka. Akachomoa mfukoni futikamba, ule utepe wa kupimia, akaivuta mbele ya vibarua wote mpaka ikafika magotini. "Hii wewe," akasema kwa Kiingereza chake. Akairudisha ndani, akavuta tena kipande cha urefu wa kidole gumba. "Hii mimi nataka. Wewe sema kitabu. Mimi si kitabu."

Vibarua hawakuhitaji mkalimani. Walicheka mpaka mmoja akaangusha karai. Kuanzia saa hiyo wakanibandika jina la Futikamba. Nikipita, mmoja anavuta mkono hewani, mwenzake anapima. Fundi peke yake hakuniita hivyo hata siku moja. Mimi nilikwenda stoo ya saruji nikalia kwa hasira, nikaapa kwamba yule mjinga hatasikia neno fupi kinywani mwangu mpaka arudi kwao. Ndivyo nilivyoapa, na nilikuwa mtu wa kushika viapo vya kipumbavu.

Siku ya nne baada ya hapo ndiyo ilikuwa siku ya kumwaga zege la sakafu ya juu.

Aliyewahi kuona kazi hiyo anajua. Ukianza huachi. Zege lingine likishikana kabla ya jingine kufika, panabaki mshono, na mshono ndio ufa wa kesho. Tulianza saa kumi na mbili asubuhi. Vibarua walijipanga kwenye ngazi ya mbao kutoka chini hadi juu, karai linapanda, karai tupu linashuka, na fundi yuko juu na mbao yake ya kusawazishia, kila kitu kinamngoja yeye. Wiki iliyotangulia mafundi wawili waliacha zege katikati wakaenda zao, kesho yake hawakuwa na kazi. Na siku zile mtu asiye na kazi hapa mjini alikuwa anaweza kusombwa na lori la serikali akalime porini. Kila mmoja pale alikuwa analifikiria lori hilo.

Fundi alikuwa na mtoto wa kiume mmoja, wa miaka saba, baada ya mabinti watatu. Mtoto huyo alikuwa na homa siku ya tatu. Asubuhi ile fundi aliniambia amemgusa paji la uso kabla ya kutoka, na joto limepungua.

Saa nne mlinzi akaniita langoni. Alikuwepo mwanamume amevaa kanzu na kofia, siku ya kazi. Nilimjua, ni shemeji yake fundi, kaka wa mkewe, aliwahi kumletea chakula. Hakunisalimu kwa kirefu.

"Mtoto ametutoka," akasema kwa sauti ya chini. "Saa tatu hivi. Wewe ndiye unayezungumza na Mzungu. Muombee ruhusa shemeji aje. Yeye usimwambie kitu. Mwambie tu mtoto hali yake si nzuri. Tunataka tumzike adhuhuri, na baba yake ndiye wa kumpokea kaburini."

Nilimwelewa vizuri sana. Sina pa kujifichia hapo. Kwao baba anashuka kaburini, mtoto anapewa mikononi, yeye ndiye anamlaza. Nililijua hilo kwa sababu fundi mwenyewe alikwisha nisimulia habari za baba yake.

Nikapanda ngazi kando ya mstari wa makarai. Vibarua waliokuwa upande wa mtaani walikuwa wameiona kanzu, na mstari mzima ulikuwa kimya. Mzungu alikuwa amesimama katikati ya nondo, suruali imelowa magotini, na fundi alikuwa hatua tatu kutoka kwake ameinama. Aliinua uso akanitazama.

Hapa ndipo ninaporudi maisha yangu yote. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba sikuweza kusema kwa ufupi kwa sababu fundi alikuwa anasikia, na neno la Kiingereza la kufa hakuna aliyekuwa halijui Kariakoo nzima, kwa ajili ya zile sinema za bastola. Ni kweli, walilijua. Lakini stoo ya saruji ilikuwa pale chini, hatua kumi kutoka kwenye ngazi. Ningeweza kumgusa yule mtu mkono, nikamwambia njoo, neno ambalo hata yeye alilijua, nikampeleka huko, nikamwambia: mtoto wa fundi amekufa. Maneno manne, na mtoto wa kidato cha kwanza anayo. Sikufanya hivyo kwa sababu nilipomwona nilikumbuka futikamba ikining'inia magotini pake. Nikasema moyoni, ngoja.

Nikasimama wima kama siku ya zawadi ya insha. Nilichosema kwa Kiingereza, ukikirudisha kwa Kiswahili, ni hivi: kwamba yanipasa kumwarifu kwa majonzi yasiyo kifani kuwa mwana mpendwa wa kiongozi wa mafundi ameitikia wito wa Muumba wake asubuhi hii, na kwamba jamaa zake wanamsihi kwa unyenyekevu amjalie mzazi huyo fursa ya kumsitiri. Nilisema yote kwa pumzi moja. Sikukosea hata sarufi.

Mzungu alinitazama mdomoni. Akatoa daftari, akaandika upesi upesi kwa mkono wenye saruji, maneno mawili matatu. Kisha akatikisa kichwa mara mbili.

"Ndiyo, ndiyo, vizuri," akasema. Akanyoosha kidole kwenye zege, akanionyesha saa yake ya mkononi. Kazi ikiisha. Saa kumi.

Nilijua hajaelewa. Nasema tena, maana hili ndilo lenyewe: nilijua. Nilikiona kile kichwa. Na furaha fulani ndogo, chafu, ilinipita kifuani kwamba leo amebaki gizani yeye, si mimi.

Nikamgeukia fundi. "Unaitwa nyumbani, mtoto hajisikii vizuri," nikasema. "Lakini amesema saa kumi."

Fundi alitazama kule mtaani, palipokuwa na ile kanzu, halafu akamtazama Mzungu kwa muda. Akainama akaendelea kusawazisha.

Nikashuka. Shemeji akaniuliza, "Vipi?"

"Anakuja," nikasema.

Ndivyo nilivyomjibu. Si kwamba atakuja saa kumi, si kwamba kuna tatizo, si kwamba ngoja nirudi nikaseme vizuri. Anakuja. Yule mtu akashukuru, akaenda zake kuwaambia wazee waliokaa kwenye mikeka wangoje.

Saa nane alirudi. Nilimwona kutoka juu akizungumza na mlinzi. Nikashuka upesi nikaingia stoo, nikasimama nyuma ya mifuko, nikamtuma mlinzi neno lilelile, kwamba anakuja, anamalizia. Ungeniuliza kwa nini sikumwendea Mzungu saa hiyo, wakati bado ingewezekana, ningekujibu kwamba ningelazimika kukiri kuwa asubuhi sikusema kitu. Kadiri saa zilivyokwenda ndivyo ilivyokuwa ngumu zaidi kufungua mdomo. Nilikaa pale nikihesabu karai zinazopanda, nikiomba zege liishe mapema.

Liliisha saa kumi na robo. Fundi aliosha miguu na mikono kwenye pipa, bila haraka, akavaa shati lake, akatoka. Nilimfuata nyuma, sijui kwa nini, labda nilidhani nitaweza kusema kitu njiani. Tulipofika karibu na kwao tukakutana na wanaume wanarudi. Walikuwa wengi, wanatembea kimya, na wanne wa mbele walikuwa wamebeba jeneza jepesi mabegani. Lilikuwa tupu.

Fundi akasimama katikati ya barabara. Viwiko vyake vilikuwa bado vyeupe kwa saruji.

"Tulikungoja," shemeji akasema. "Tulingoja adhuhuri, tukangoja mpaka alasiri. Wingu limefunga, na wazee wakasema mtoto hawezi kukaa zaidi na joto hili. Nimempokea mimi."

"Umefanya vizuri," fundi akasema.

Halafu akageuka nyuma akaniona. Alinijia mpaka karibu, macho yake mekundu, sauti imetulia kabisa.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Nilipomwona shemeji na kanzu nilijua. Nikakusikia unavyoniombea. Kiingereza kile kirefu, sikuelewa hata neno, lakini nilijua unanililia. Mtu aliyeombwa vile akakataa, huyo moyo hana. Wewe umefanya lako."

Mimi nikasema, "Pole, baba." Ndilo nililoweza kusema.

Kesho yake asubuhi nilimkuta Mzungu kazini kabla ya watu wote. Alikuwa amekaa kwenye kiti changu, daftari liko wazi mezani. Uso wake haukuwa na damu. Akaweka kidole kwenye neno aliloliandika vibaya, nikalitambua ni langu.

"Hii," akasema. "Kamusi sema hii kuzika mtu. Nani kufa?"

"Mtoto wa fundi."

"Lini?"

"Jana. Kabla sijapanda juu."

Nilitegemea anifokee, na ningeshukuru angenifokea. Badala yake akajipiga kifuani kwa ngumi, polepole. "Mimi sema ndiyo, ndiyo," akasema. "Mimi si elewa, mimi sema ndiyo. Mimi mbaya." Kisha akaniuliza lile swali ambalo sijawahi kulijibu mpaka leo. "Kwa nini wewe si sema maneno madogo?"

Akataka nimpeleke msibani. Aliniomba nimfundishe la kusema, na nikamfundisha, na njiani alikuwa analirudia rudia. Alibeba kilo mbili za sukari, kwenye siku ambazo sisi tulikuwa tunapanga foleni tangu alfajiri kwa robo. Wanaume walikuwa wamekaa barazani na mikekani. Alipofika mazungumzo yalikatika. Akavua viatu mbali kabisa, akamwendea fundi, akanyoosha mkono, akasema kwa Kiingereza chake cha kidole gumba, wazi, neno moja moja: mimi si jua. Mimi si elewa. Mimi omba samahani. Akanigeukia nitafsiri.

Watu wote wakanitazama. Mama wa marehemu alikuwa ndani, mlango uko wazi, na wanawake waliomzunguka walinyamaza nao. Lilikuwa jambo jepesi kuliko yote niliyowahi kutafsiri. Nilichotakiwa ni kusema, hakujua, kwa sababu mimi sikumwambia.

"Anasema pole sana," nikasema.

Fundi aliutazama ule mkono. Hakuutukana wala hakuusukuma. Alichukua kikombe cha kahawa kilichokuwa pembeni yake, akampa mtu mwingine. Mkono ukabaki hewani. Mzee mmoja aliyekaa karibu akaona aibu kwa niaba ya wote, akainuka akaushika yeye.

Tulipotoka Mzungu akaniuliza, "Yeye kasirika?"

"Hapana," nikasema. "Amechoka tu."

Ile sukari fundi hakuitaka ikae kwake. Siku ya tatu aliniita akanipa mfuko ukiwa umefungwa vilevile. "Chukua wewe, mwanangu," akasema. "Wewe ndiye uliyeniombea." Niliibeba mpaka kwa mjomba. Mjomba alifurahi sana. Tulikunywa chai tamu karibu mwezi mzima, na mimi nilikunywa.

Mzungu aliondoka kabla ya ghala kuisha. Vibarua hawakumuaga. Habari ilikwisha enea kwamba aliambiwa mtoto wa mtu amekufa naye akanyoosha kidole kwenye saa, na hakuna aliyekuwa na haja ya kujua zaidi. Niliwasikia wanasimulia hivyo mara kumi. Mara kumi nilijifanya naandika.

Miaka ikapita. Nikahama kwa mjomba, nikaolewa, nikafanya kazi ofisi nyingine ambako Kiingereza changu kilisifiwa tena. Kila Idi fundi aliniletea sahani ya pilau iliyofunikwa kawa, mimi mtu wa dini nyingine, na miguu ilipomsumbua alimtuma binti yake. Mchana wake nilikuwa nakwenda kumshukuru. Kila nilipokwenda alikuwa na mgeni wa kumsimulia: huyu ndiye binti aliyenililia kwa Mzungu asiye na moyo.

Idi moja nilikwenda na mwanangu wa kike, naye alikuwa na miaka saba. Fundi alikuwa amezeeka, macho yameingia ukungu. Akamkalisha karibu yake akamsimulia kisa chote. Mwanangu alisikiliza, kisha akanigeukia na kunitazama kwa fahari. Nilishindwa kuuvumilia uso ule. Nikamwambia aende ndani kwa dada.

"Baba," nikaanza, "kuna jambo ambalo kwa muda mrefu nimekuwa nikitafuta namna iliyo bora ya kulieleza, kwa kuwa mazingira ya siku ile yalikuwa na utata, na pande zote mbili hazikuwa..."

Alikuwa anatikisa kichwa. Mara mbili, upesi upesi. "Ndiyo, ndiyo, mwanangu," akasema. "Vizuri."

Nikanyamaza. Hata kwa Kiswahili, hata kwa huyu mzee.

"Mzungu hakujua," nikasema. "Sikumwambia. Nilisema maneno makubwa makusudi, nilikuwa nimemkasirikia. Nilijua hajaelewa. Nikanyamaza."

Hakusogea. Ndani mabinti walikuwa wanacheka na mwanangu.

"Na siku ile alipokuja hapa?" akauliza. "Alipotoa mkono. Alisema nini?"

"Alisema hakujua. Aliomba samahani. Mimi nikasema anasema pole."

Nilijiandaa anifukuze, anilaani, akatae kuniona tena. Nilikuwa tayari. Lakini hakuwa ananifikiria mimi.

"Nilimnyima mkono," akasema. "Amekuja kwangu. Amevua viatu. Kwenye msiba wa mwanangu, mtu ananipa mkono, namnyima." Akauinua mkono wake mwenyewe akaukaribisha machoni, akautazama. "Yuko wapi yule?"

"Alirudi kwao."

"Niandikie barua. Kwa Kiingereza chake. Mwambie sikujua, anisamehe." Akasita. "Andika maneno mafupi, mwanangu, aelewe."

Niliandika jioni ileile. Ilikuwa mistari mitatu, na ndiyo barua bora niliyowahi kuandika maishani. Lakini sikujua pa kuipeleka. Ofisi iliyomleta ilikwisha fungwa zamani, waliokuwa wakubwa wake wametawanyika, na nilipouliza huku na huko hakuna aliyekumbuka hata jina la mji wake. Nilirudi kwa fundi nikiwa nimekusudia kumwambia hivyo. Alikuwa barazani, alinijua kwa hatua.

"Umeituma?" akauliza kabla sijakaa.

Alikuwa ameinua uso wote kunielekea. Nikasema, "Nimeituma, baba."

Kila nilipokwenda aliniuliza. Aliishi miaka minne baada ya hapo. Mara ya mwisho alikuwa kitandani, sauti imebaki ya kunong'ona, ikabidi niiname.

"Amejibu?"

"Bado, baba," nikamwambia.

Barua ninayo, iko kwenye droo pamoja na vyeti vyangu.